Programu ya kuchora logo za protini kwa laptopu ya kawaida: mnatumia ipi wakuu?

MwanaMaabara_Moshi

Wakuu habari za jioni.

Nipo Moshi, nasoma shahada ya pili, na kazi yangu yote iko kwenye kompyuta. Nafuatilia zile protini za kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, ambazo kimelea kikishaingia kwenye seli nyekundu ya damu huzituma nje ya kifuko chake ili ziigeuze seli ile iwe makazi yake. Nyingi zina alama ya PEXEL karibu na mwanzo: amino asidi R (kila amino asidi ina herufi yake), kisha yoyote, kisha L, kisha yoyote tena, halafu E, Q au D, kwa kifupi RxLx[EQD]. Nimepakua mifuatano kutoka PlasmoDB, hifadhidata ya vimelea hivi, nikaitafuta alama hiyo humo, nikakata vipande vya urefu mmoja, alama ikiwa katikati na amino asidi 10 kila upande.

Sasa msimamizi wangu anataka logo, ile picha ya herufi zilizopandana, kubwa juu ndogo chini, kila nafasi na rundo lake. Nimekutana na programu chungu nzima na kila moja inajisifia. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4, bando ni la kuungaunga. Nitumie ipi? Naomba waliowahi kuzitumia ndio waseme.

Chai_Rangi

WebLogo. Bandika, bonyeza, chukua picha, kalale.

Mpita_Njia

Ngoja waje wataalamu. Naweka kambi hapa.

Tengeru_Juu

Chai_Rangi kasema kweli ila kamaliza haraka mno.

WebLogo ilitoka Berkeley, makala yake ni ya 2004, na mpaka leo ndiyo ambayo wahakiki wa majarida hawaihoji. Wazo lenyewe la kuchora herufi kwa kimo ni la zamani zaidi, ni la Schneider na Stephens mwaka 1990. Kabla ya hapo watu walikuwa wanaandika mstari mmoja wa "herufi inayoshinda" kwa kila nafasi, na yote yaliyokuwa chini ya mshindi yanapotea. Nafasi yenye L asilimia 100 na nafasi yenye L asilimia 40 zilikuwa zinaonekana sawasawa.

Kwa hali yako ya bando, usiitumie kwenye tovuti. Toleo la 3 limeandikwa kwa Python, ukishaliweka mara moja linafanya kazi bila mtandao kabisa:

`pip install weblogo`

`weblogo -A protein -U bits -F pdf -f pexel.fa -o pexel.pdf`

Kuna kitu kitakukwamisha na ujumbe wa kosa hautakwambia vizuri: ili itoe PDF au PNG inahitaji Ghostscript iwepo kwenye mashine. Kama huna, mwambie itoe EPS, hiyo inaandika yenyewe. Na mifuatano yote lazima iwe na urefu mmoja, hata herufi moja ikizidi inagoma. RAM ya GB 4 inatosha na kubaki. Vipande vya herufi 25, hata viwe elfu kumi, ni kama faili la barua tu.

R_ni_Maisha

Kama unajua lugha ya programu ya R, weka ggseqlogo. Ya Omar Wagih, 2017. Amri yenyewe ni `ggseqlogo(mifuatano, seq_type='aa')` na picha inatoka. Faida yake ni kwamba ni ggplot, kile kifurushi cha michoro cha R, ndani kwa ndani, kwa hiyo unaweza kupanga logo nne kwenye ukurasa mmoja, fonti zikalingana na michoro mingine ya tasnifu. WebLogo ikikupa picha, imekupa. Kuibadilisha ni kazi ya kuhangaika.

MwanaMaabara_Moshi

Asanteni sana wakuu. Tengeru_Juu, nimekwama hapohapo kwenye Ghostscript, nikaiweka, mambo safi.

Picha imetoka. R na L zimesimama mpaka juu kabisa, nafasi ya tano E imetawala, Q na D zikifuata chini. Msimamizi kafurahi, kasema iingie kwenye sura ya nne. Kinachonishangaza ni pembeni: kushoto na kulia mwa alama nimejaziwa K na N karibu kila nafasi. Si ndefu, lakini zipo kila mahali. Naweza kuandika kwamba eneo linalozunguka PEXEL linapendelea K na N?

Mzee_wa_Takwimu

Usiandike hivyo bado, mwanangu.

Kwanza elewa kile kimo kinapima nini. Amino asidi ziko 20. Kama hujui chochote kuhusu nafasi fulani, mashaka yako ni log ya 20 kwa kizio cha 2, yaani biti 4.32. Ukikuta nafasi ina herufi moja tu kwa mifuatano yote, mashaka yameisha, umepata biti zote 4.32. Ukikuta herufi mbili nusu kwa nusu, bado umebakiwa na shaka ya biti 1, kwa hiyo rundo lina kimo cha 3.32 na kila herufi inachukua nusu yake. Kwa DNA, dari ni biti 2 kwa sababu herufi ni nne. Hesabu hii ni ya Shannon, 1948, alikuwa anashughulika na simu na mawasiliano, protini hazikuwamo kabisa akilini mwake.

Sasa hapo kuna sharti lililojificha: "hujui chochote" maana yake unadhani amino asidi zote 20 zina nafasi sawa ya kutokea. Kwa falciparum dhana hiyo haisimami hata kidogo. Genomu yake, iliyochapishwa 2002, ina A na T karibu asilimia 80. Kodoni (herufi tatu za DNA zinazotaja amino asidi) za K ni AAA na AAG, za N ni AAT na AAC. Unaona inakoelekea? Kimelea hiki kimejaa K na N kila kona ya protini zake, kila moja inazidi asilimia 10, kuna protini zenye mikia mirefu ya N tupu. Ukikutana na mgomba Kibosho hushtuki. Ukikutana nao katikati ya Simanjiro utasimama uuangalie. K na N ulizoziona pembeni mwa alama ni migomba ya Kibosho.

Dawa ni kupima kila nafasi dhidi ya usuli, yaani wingi wa kawaida wa kila amino asidi, wa kimelea mwenyewe. Tuseme usuli unasema K ni asilimia 12.5. Nafasi iliyojaa K mia kwa mia inapata biti 3 tu. Herufi ambayo kwenye usuli ni asilimia 2.5, ikijaa mia kwa mia, inapata 5.32. Ndiyo, inaipita ile dari ya 4.32, usishtuke, kwa sababu dari ile ilikuwa ya usuli wa sawa kwa sawa.

Tengeru_Juu

Naongezea kwa Mzee, shikamoo. WebLogo 3 usipoiambia kitu, kwa protini haitumii sawa kwa sawa, inatumia mgawanyo wa kawaida wa protini kwa jumla. Wengi hawalijui hilo na wanaandika kwenye maelezo ya picha kinyume chake. Ukitaka wako mwenyewe kuna `--composition`, unaipa orodha ya herufi na uzito wake ndani ya mabano ya mawimbi. Ukiandika `none`, inaacha marekebisho yote.

Ila jua kikomo chake: WebLogo ikitumia usuli, kinachobadilika ni kimo cha rundo zima. Ndani ya rundo herufi bado zinagawana kwa wingi wake. Kwa hiyo K inaweza kuwa juu ya rundo hata pale ambapo iliyozidi kawaida yake ni herufi nyingine ya chini.

Mzee_wa_Takwimu

Marahaba. Na hicho ulichomalizia ndicho kinachowapoteza wengi.

DadaBiolojia

Mmezungumza usuli vizuri sana. Mimi nina shida na kitu kilichotangulia. Mdogo wangu, soma tena bandiko lako la kwanza.

Umesema uliitafuta alama ya PEXEL kwenye mifuatano, ukachukua zilizo nayo, ukakata, ukachora. Halafu logo ikakuonyesha R, L, na E/Q/D. Ingeonyesha nini kingine? Umewaita mkutanoni wenye kofia nyekundu tu, kisha umehesabu kofia. Hizo biti za R na L si matokeo ya utafiti wako, ni kigezo chako cha utafutaji kimechorwa kwa rangi. Mtahini wa nje akiwa macho, swali la kwanza litakuwa hilo.

Na alama yenyewe ni fupi. Piga hesabu ya haraka, kwa usawa wa herufi: moja ya ishirini, mara moja ya ishirini, mara tatu ya ishirini. Ni 3 kati ya 8,000, yaani kila nafasi kama 2,667 unaipata mara moja kwa bahati tupu. Kimelea kina jeni zaidi ya 5,000 na protini zake ni ndefu. Kwa hiyo RxLxE zipo nyingi tu kwenye protini ambazo hazitoki kwenda popote. Ndiyo maana wale waliolielezea jambo hili mwaka 2004, makundi mawili, moja la Melbourne na jingine la Chicago, hawakuishia kwenye herufi. Waliangalia pia ilipo alama, baada ya kipande cha ishara, kile cha mwanzo kinachoifikisha protini kwenye njia ya kutoka, kisha wakaithibitisha kwa vimelea hai. Baadaye ikajulikana kwamba alama hiyo inakatwa baada ya L, na mwaka 2010 mkataji akatajwa: kimeng'enya plasmepsin V.

Sasa tatizo la pili, na kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi kwenye faili lako. Umechukua kila kitu? Basi humo ndani una familia ya rifin, jeni zaidi ya mia moja zinazofanana, na ndugu zao stevor. Hao wana PEXEL na wamerithi eneo lote kutoka kwa babu mmoja. Logo yako inahesabu kila ndugu kama shahidi anayejitegemea. Ukiona herufi imeng'ang'ania nafasi ya saba kulia mwa alama, huwezi kujua kama plasmepsin V inaitaka au ni sura ya ukoo wa rifin tu.

Pita na CD-HIT kwanza, uunganishe zinazofanana sana, ubaki na mwakilishi mmoja kwa kila kundi. Au tumia Seq2Logo ya Denmark, ya 2012, inayapa uzito mdogo makundi ya wanaofanana yenyewe, na inaongeza hesabu za makisio kutoka kwenye BLOSUM, jedwali la amino asidi zinazobadilishana kirahisi, pale mifuatano inapokuwa michache. Lakini hata hapo, kwa familia kubwa kama rifin, mimi ningechora mbili: moja ya rifin na stevor peke yao, moja ya wengine wote.

Kaka_Sakina

Mnamkatisha tamaa kijana bure. Hiyo ni picha ya kuonyesha data ilivyo. Mbona kwenye makala nyingi tunaziona logo za hivyohivyo, watu wametafuta kwa kigezo halafu wakachora? Hakuna aliyesema ni ushahidi. Msimamizi kaikubali, aendelee na maisha yake. Mambo ya kutafuta ukamilifu ndiyo yanayofanya watu wakae miaka mitano kwenye shahada ya miaka miwili.

DadaBiolojia

Kaka, kama ingekuwa ya kuonyesha tu nisingeandika. Ila yeye mwenyewe kauliza kama aandike kwamba eneo linapendelea K na N. Hapo si kuonyesha tena, ni kudai. Na ni kweli makala nyingi zina logo za namna hiyo, zikiwa kwenye kielelezo cha kwanza kabisa kumkumbusha msomaji alama inafananaje. Hiyo haina ubaya. Ubaya unaanza ikihamia sura ya matokeo, na yake imepelekwa sura ya nne.

Kaka_Sakina

Sawa, hapo kwenye sura ya nne nimekuelewa. Lakini basi mwambieni afanye nini, maana mpaka sasa mmembomolea tu.

MwanaMaabara_Moshi

Kaka_Sakina umeniwahi. DadaBiolojia, nikitoa R na L sina kitu. Alama ndiyo kazi yenyewe. Nifanyeje?

Mzee_wa_Takwimu

Una kitu. Swali lako libadilike kidogo tu. Kati ya vipande vyote vyenye RxLx[EQD], vile vilivyo mahali pake, baada ya kipande cha ishara, vinatofautiana vipi na vile vilivyotokea kwa bahati kwenye protini zisizotoka? Pande zote mbili zina R na L, kwa hiyo R na L zinafutana. Kinachobaki ni hizo x mbili, na jirani zake. Hapo logo inaweza kukwambia jambo ambalo hukuliweka wewe.

Kwa kulinganisha makundi mawili namna hii kuna programu zake. Two Sample Logo ya 2006 inaonyesha herufi zilizozidi juu ya mstari na zilizopungua chini. iceLogo ya Ghent, 2009, ni ya mtindo huohuo. pLogo ya 2013 inachora kimo kufuatana na jinsi tukio lilivyo gumu kutokea kwa bahati, na inaweka mstari mwekundu wa kizingiti, ikiwa imekwishalipia wingi wa majaribio. Mimi naipenda hiyo ya mwisho kwa wanafunzi kwa sababu ya ule mstari tu. Herufi isiyoufikia, usiisemee.

Na chunga idadi. Mifuatano michache huifanya kila nafasi ionekane na taarifa nyingi kuliko iliyonayo. Makadirio ya upotofu huo kwa protini ni 19 gawanya kwa (2 × ln 2 × n). Ukiwa na mifuatano 10 ni biti 1.37. Ukiwa na 50 ni 0.27, ukiwa na 200 ni 0.07. Kwa hiyo baada ya kuwaondoa ndugu wa rifin, kama utabaki na thelathini au arobaini, rundo dogo la nusu biti pembeni halina la kukwambia.

R_ni_Maisha

Mzee nakubaliana ila watu wa DNA wakisoma hapa wasitishike. Kwao kwa mifuatano 10 upotofu ni 0.22 tu, maana juu inakuwa 3 badala ya 19. Protini ndiyo yenye njaa ya data.

Mnara_wa_Saa_Prints

Samahanini wataalamu, mimi si wa sayansi, nachapa mabango hapa Arusha mjini. Uzi huu nimetumiwa na mteja. Kipindi cha mikutano pale AICC naletewa hizi picha za herufi kila wiki na naomba niseme langu.

Mnaleta picha ya skrini. Kwenye simu inapendeza, nikiikuza iwe na upana wa mita moja, kingo za herufi zinakuwa ngazi. Halafu mtu anasimama dukani ananilaumu mashine yangu. Leteni PDF, EPS au SVG ile ya programu yenyewe. Hiyo hata ukiikuza ifunike ukuta inabaki safi. PNG ikibidi, iwe dpi 600 kwenda juu, na uitoe kwa ukubwa utakaochapwa.

Na rangi. Ile kijani na nyekundu kwenye mandhari meusi, acheni.

DadaBiolojia

Fundi umesema jambo la maana. Kwenye WebLogo rangi za kikemia ni hizi: D na E nyekundu, K, R na H buluu, N na Q zambarau, G, S, T, Y na C kijani, zilizobaki nyeusi. Asiyeweza kutofautisha nyekundu na kijani ataona E na S kama jamaa moja. Kama alama yako inategemea asidi, na PEXEL inategemea, badilisha kijani iwe kitu kingine. Logomaker na ggseqlogo zote zinakubali uipe kila herufi rangi yake.

Python_wa_Majengo

Nilikuwa nasubiri mtu aitaje Logomaker. Ni ya Tareen na Kinney, 2020, Python. Kwa kazi hii ya usuli ndiyo ningemshauri kijana, kwa sababu inakulazimisha uone jedwali kabla ya picha. Kwanza hesabu, kisha uzito dhidi ya usuli, kisha mchoro:

`m = logomaker.alignment_to_matrix(vipande, to_type='counts')`

`w = logomaker.transform_matrix(m, from_type='counts', to_type='weight', background=usuli)`

`logomaker.Logo(w)`

Hapo kila herufi inapimwa yenyewe dhidi ya kawaida yake, siyo rundo zima. Herufi iliyozidi inapanda, iliyopungua inashuka chini ya mstari. K ikiwa na wingi uleule wa kawaida, kimo chake ni karibu sifuri na haionekani kabisa, hata kama ndiyo iliyojaa.

Mtego upo hapa: jedwali linakuwa na safu za herufi zilizoonekana tu. Kama W haimo hata mara moja kwenye vipande vyako, una safu 19, na usuli wako wa namba 20 utagoma. Hakikisha usuli unafuata safu za jedwali, kwa mpangilio uleule wa alfabeti.

MwanaMaabara_Moshi

Python_wa_Majengo, na huo usuli niupate wapi? Nihesabu protini zote za kimelea?

Python_wa_Majengo

Unaweza, ni mistari michache ya kodi.

DadaBiolojia

Unaweza, lakini usiishie hapo. Protini zote maana yake umejumuisha ile mikia mirefu ya N iliyoko katikati ya protini kubwa. Eneo lako wewe liko mwanzoni, baada ya kipande cha ishara, na huko mgawanyo ni wake. Chukua protini zenye kipande cha ishara lakini zisizo na PEXEL, kata eneo la umbali ulio sawa na wa kwako, hesabu humo. Huo ndio usuli wa haki. Usuli ukiwa wa mbali utaona tofauti za eneo ukadhani ni tofauti za alama.

Chai_Rangi

Kumbe kulikuwa na mambo. Mimi nilisema bandika ubonyeze.

Tengeru_Juu

@Chai_Rangi kwa kuangalia data kwa mara ya kwanza ushauri wako bado ndio bora. Dakika moja unaona kama kuna kipande kimekatwa vibaya, maana alama inakuwa imetawanyika nafasi mbili badala ya moja. Mimi huwa naanza nayo kila mara kisha ndiyo nahamia kwingine.

MwanaMaabara_Moshi

Nimerudi wakuu. Kimya kilikuwa cha kazi.

Nimepunguza wanaofanana kwa CD-HIT, rifin na stevor nimezitenga zina picha yao. Usuli nimeujenga kama alivyosema DadaBiolojia. Nimechora kwa Logomaker. K na N za pembeni zimezama, zimebaki nafasi chache tu na hazina kimo cha kuzungumzia. Picha ya rifin peke yake na ya wengine hazifanani kabisa upande wa kulia, kwa hiyo ile sura niliyoiona mwanzo ilikuwa ya rifin. Ulinganisho na RxLx[EQD] za bahati nauendesha sasa kwa pLogo.

Msimamizi aliuliza kwa nini K na N "zimepotea". Nimemweleza, akanyamaza kidogo, akasema ile ya kwanza iende sura ya kwanza, hii mpya ibaki ya nne.

Swali la mwisho: maelezo chini ya picha niandikeje? Makala nyingi naona wanaandika tu "logo ya mfuatano" basi.

Kaka_Sakina

Safi kijana. Nakuomba radhi na Dada pia, uzi umekuwa mtamu.

Mzee_wa_Takwimu

Andika vitu vitakavyomwezesha mtu mwingine kuichora upya akapata picha ileile. Programu na toleo lake. Kimo kinapima nini, biti au uzito wa log, kwa sababu bila hilo mhimili wa kushoto hauna maana. Usuli umetoka wapi. Hesabu za nyongeza ulizotumia. Logomaker usipoiambia huongeza moja kwa kila herufi, na kwa mifuatano michache hiyo moja inasukuma picha. Kama umebaki na sehemu zenye pengo au X (amino asidi isiyojulikana), sema ulizifanyaje. Na nafasi zihesabiwe kuanzia kwenye alama, R iwe 1, ili anayesoma ajue ukisema nafasi ya 5 ni ile ya E.

MwanaMaabara_Moshi

Nimejaribu hivi: "Uzito wa log kwa kizio cha 2 wa kila amino asidi kuzunguka alama ya PEXEL, ukilinganishwa na eneo linalolingana katika protini zenye kipande cha ishara zisizo na PEXEL. Rifin na stevor hazimo. Hesabu ya nyongeza ni 1 kwa kila herufi. Nafasi ya 1 ni R. Herufi zilizo chini ya mstari ni zile zinazotokea mara chache kuliko kwenye usuli. Logomaker." Kisha idadi ya mifuatano.

DadaBiolojia

Imekaa vizuri. Kwenye "protini zenye kipande cha ishara" ongeza kilitambuliwa kwa programu gani, maana zinatofautiana.

Mzee_wa_Takwimu

Na idadi unayoandika iwe ile iliyobaki baada ya CD-HIT, pamoja na kiwango cha kufanana ulichotumia kukatia. Idadi ya kabla iweke kwenye sura ya mbinu.

Mnara_wa_Saa_Prints

Na PDF usisahau.